Kibaba cha Jumamosi

Wako wezi wa ng'ombe, na mtu akiwalaani huwalaani kwa heshima kidogo, maana ng'ombe ni ng'ombe. Lakini mtu mzima mwenye bunduki mbili, farasi, na eka mia mbili za chai, akae barazani kila jioni akiwapimia watu chumvi kwa kijiko, tena apanguse kijiko kwa kidole ili chembe za juu zirudi guniani, huyo utamlaani kwa lugha gani? Lazarus Onsongo alijua Kikisii, Kiswahili, na Kijaluo cha kununulia samaki. Katika zote tatu hakupata neno dogo la kumtosha.

Jina lake huyo Mzungu lilikuwa Haskett. Kambini walimwita Bwana Kijiko, na hata mbwa wake angeweza kuongea angemwita hivyo hivyo, maana mbwa naye alipimiwa.

Shamba lake lilikuwa juu ya Kapsoit, limebanwa katikati ya mashamba makubwa ya makampuni kama mtoto aliyelala katikati ya wakubwa. Hakuwa na kiwanda. Majani yake aliyauza kwa jirani, na kila mara aliporudi kutoka kwa jirani alikuwa ameibiwa, ati. Ulimwengu mzima ulikuwa unamwibia Bwana Kijiko. Karani wake, Okello, Mjaluo mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliandika kitabu cha kazi na kitabu cha mshahara. Lakini kitabu cha unga, hapana. Hicho kilikuwa kitabu kidogo chekundu, na Bwana alikiandika kwa mkono wake mwenyewe na kukitia mfuko wa koti, upande wa moyo. Popote alipokwenda alikwenda nacho. Okello aliwahi kusema kwamba Bwana akifa watalazimika kumzika nacho, la sivyo atarudi kukichukua.

Unga wenyewe ulikuwa kibaba kimoja kwa mtu kwa siku, jioni, baada ya kazi. Kibaba cha Bwana Kijiko kilikuwa kopo la bati, nalo lilikuwa limebonyezwa kitako kuingia ndani. Haba na haba hujaza kibaba, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwahi kufanya kazi Kapsoit.

Onsongo alifika hapo mwezi wa nne, mwaka wa elfu moja mia tisa thelathini na mbili, mwaka ambao kazi ilikuwa adimu na nzige walikuwa wamekula kilichobaki. Alisema ukweli tangu siku ya kwanza. "Bwana, mimi ni Msabato. Jumamosi sifanyi kazi."

Bwana Kijiko alimtazama, akapiga hesabu yake upesi. "Jumamosi wewe lala, mimi hapana toa unga," alisema, kwa kile Kiswahili chao cha kuvunjavunja kuni. "Kibaba naisha kata. Sawa?"

"Sawa, Bwana."

Bwana alifurahi sana, maana kwake Sabato ilikuwa kibaba kimoja cha faida kila wiki. Kila Jumamosi jioni alifungua kitabu chekundu na kuandika jina la Onsongo, na mbele yake: hayuko, kibaba kimoja kimekatwa. Okello alisema hiyo ndiyo saa pekee katika wiki ambayo Bwana alisikika akipiga mluzi.

Basi Onsongo akapalilia, akapogoa, akachimba mitaro ya kutolea maji. Siku hizo mtu hakuandikwa kwa mwezi, aliandikwa kwa tiketi. Tiketi ilikuwa karatasi yenye vyumba thelathini. Ukimaliza kazi ya siku, karani anatia alama chumba kimoja. Vyumba vyote vikijaa, unairudisha ofisini, unapewa shilingi kumi na mbili na tiketi mpya. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa watu wenye haya. Kwa Bwana Kijiko ulirudisha tiketi, ukapewa tiketi mpya, na shilingi ukaambiwa ungoje.

"Bei ya chai naanguka," alisema kila mara, kana kwamba bei ilianguka kutoka mfukoni mwa wapaliliaji.

Hapo ndipo Onsongo alipokosea. Alirudisha tiketi ya kwanza mkono mtupu, akarudisha ya pili, na Ijumaa ya tarehe kumi na tisa ya mwezi wa nane akarudisha ya tatu. Siku tisini za kazi alizisukuma zote kwenye kidirisha cha ofisi, na mkononi hakubaki na karatasi hata ya kuwashia moto. Wote walifanya hivyo, kwa kuwa tiketi mpya haikutolewa ila kwa ya zamani. Lakini alipokuja kujilaumu hakuwalaumu wote, alijilaumu yeye.

Ijumaa hiyo aliomba ruhusa ya kuacha kazi. Hakuwa amechoka tu. Wiki moja kabla, mchuuzi mmoja kutoka kwao Kisii alikuwa amemletea habari. Askari wa chifu walikuwa wamekwenda kwa mama yake, Nyamoita, wakamchukua ng'ombe wake wa maziwa kwa sababu ya kodi ya nyumba mbili, ya mama na ya Onsongo mwenyewe. Shilingi ishirini na nne. Zisipoletwa, ng'ombe atauzwa mnadani Jumatano tarehe thelathini na moja. Mama yake alikuwa hana jino hata moja mdomoni, chakula chake kilikuwa uji wa wimbi na maziwa. Ng'ombe huyo akiuzwa, uji utabaki peke yake, na mwanamke wa umri ule hadumu sana kwa uji peke yake.

"Njoo Jumatatu," alisema Bwana Kijiko. "Mimi nalipa yote."

Jumamosi Onsongo alishuka Kapsoit kusali, kama kawaida. Jumatatu asubuhi akasimama kwenye kidirisha, amevaa shati lake safi.

Bwana alikuwa ameketi ndani, kitabu cha mshahara kimefunguliwa mbele yake. Alionekana mwema, na hiyo peke yake ingetosha kumtia mtu wasiwasi.

"Wewe nataka nini?"

"Mshahara wangu, Bwana. Tiketi tatu."

"Wewe kwisha pata."

Onsongo alidhani hakusikia vizuri. "Nimepata lini, Bwana?"

"Jumamosi." Bwana aligeuza kitabu kumwonyesha. Jumamosi, tarehe ishirini, shilingi thelathini na sita, na pembeni msalaba wa wino, mnene, umeinama upande mmoja. "Hii alama yako. Na kipande yako mimi kwisha andika. Kwaheri."

Akamtupia kile kibati chenye kipande, karatasi ya serikali ambayo bila hiyo mtu hakuweza kutembea wala kuandikwa kazi. Ndani yake, kweli, alikuwa ameandika kwamba Lazarus Onsongo ameachishwa kazi tarehe ishirini. Onsongo alimtazama Okello. Okello alikuwa ameshughulika mno na nibu ya kalamu yake, na masikio yake yalikuwa yamelowa jasho.

Hebu fikiria. Si kwamba alimwambia hana pesa. Si kwamba alisema subiri. Alichukua siku tisini za mgongo wa mtu akazifuta kwa vijistari viwili vya wino, halafu akatabasamu. Onsongo alisikia mikono yake ikiwa mizito, na karibu na mlango palikuwa na jembe. Alilitazama lile jembe kwa muda. Kisha akamtazama Bwana Kijiko, shingo yake nyembamba, kile kitabu chekundu kikichungulia mfukoni, akaona aibu kwa niaba ya jembe.

"Kwaheri, Bwana," akasema.

Okello alimkuta njiani, nyuma ya miti ya mbao, akihema. "Omera, ndugu yangu, nisamehe. Msalaba alichora yeye mwenyewe Jumamosi mchana. Mimi nina watoto watano. Nikisema, niende wapi?"

"Sijakuuliza useme."

"Ni siku ya mshahara, Jumamosi. Hakufikiria. Alitafuta siku tu."

"Sasa nenda," alisema Onsongo, "asije akakukata kibaba."

Mwalimu Mosoti ndiye aliyewasomesha Wasabato wa Kapsoit, na siku za kazi alikuwa fundi wa kushona. Alimsikiliza Onsongo mpaka mwisho bila kusimamisha cherehani.

"Usirudi kule na rungu," alisema. "Usiguse banda lake. Usitupe hicho kipande, hata kama kinakuchefua, tarehe imeandikwa humo kwa mkono wake. Kesho nenda Boma, Kericho, ukamshtaki kwa DC, mkuu wa wilaya. Na ndugu yangu, ukifika mbele ya DC usiseme sana. Mtu mwongo ukimnyamazia hujaza mwenyewe. Mwache aseme yeye."

"Na kama DC atamwamini yeye?"

"Atamwamini, mwanzoni. Wanaaminiana wale. Wewe mtafutie neno ambalo hawezi kulivumilia, halafu unyamaze."

Usiku huo Onsongo hakuhangaika kulitafuta hilo neno. Alikuwa ameishi nalo wiki kumi na nane.

Jumanne alikwenda Boma, akaandikisha shtaka lake. Bwana Kijiko akaitwa aje Ijumaa, na vitabu vyake.

Ijumaa alikuja kwa gari, amevaa tai. Okello alishuka nyuma akibeba vitabu viwili vikubwa. DC alikuwa kijana mwenye pua iliyobabuka na jua, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha kufundishwa kwa mtihani, safi kupita cha wenyewe. Watu waliokuja kwa mashauri yao walijaa mlangoni.

"Lazarus Onsongo," alisema DC, "unasema hukulipwa. Bwana Haskett anasema ulilipwa Jumamosi, tarehe ishirini. Alama yako ni hii hapa."

"Si yangu, Bwana DC. Mimi najua kuandika jina langu."

"Anayejua kuandika jina hashindwi kuchora msalaba. Jumamosi hiyo ulikuwa wapi?"

"Kapsoit, kwa sala. Mimi ni Msabato. Jumamosi sifanyi kazi na sishiki pesa."

"Nani alikuona?"

"Mwalimu Mosoti, na watu ishirini na watatu."

"Wote namna moja!" alisema Bwana Kijiko kutoka kitini. "Wote nasema uwongo pamoja."

DC aliinua mkono. "Huyo mwalimu alifundisha nini siku hiyo?"

"Habari za ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato, Bwana DC. Kwamba mwenye ng'ombe humvuta siku hiyo hiyo, hamwachi mpaka kesho yake."

DC alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbuka kwao. Akamgeukia Haskett, akamweleza kwa Kiswahili hicho hicho ili watu wote wasikie, kwamba Sabato ya watu hawa huanza Ijumaa jua linapotua na kwisha Jumamosi jua linapotua, na kwamba ndani ya saa hizo hawauzi, hawanunui, hawapokei pesa. Bwana Kijiko alisikiliza kwa makini sana. Kwa wiki kumi na nane alikuwa amedhani Sabato ni jina la uvivu wa Wakisii.

"Hata hivyo," alisema DC, akikifunga kitabu, "upande mmoja nina maneno ya watu wa dini moja. Upande wa pili nina kitabu. Na kitabu..."

Onsongo aliona kabisa mahali maneno hayo yalipokuwa yanakwenda. Aliona ng'ombe wa mama yake akiswagwa na mtu asiyemjua. Sauti akaituliza.

"Basi kitabu kishinde, Bwana DC," alisema. "Kama kitabu kinasema Jumamosi nilikuwa shambani, nilikuwa shambani. Lakini mtu aliye shambani hupewa kibaba cha unga jioni, na mimi sikupewa. Bwana amenipunja. Nadai kibaba changu cha Jumamosi."

Mlangoni watu walicheka. Mtu amepoteza shilingi thelathini na sita, anadai unga! DC mwenyewe alikunja uso.

Bwana Kijiko hakucheka. Alikuwa amesimama, shingo imemwiva nyekundu. Shilingi thelathini na sita aliweza kuzikana ameketi, tena amekunja miguu. Lakini kuambiwa mbele ya watu kwamba yeye anadaiwa unga, yeye, ambaye hakuna punje iliyotoka kwake bila kuandikwa, la, hilo halikuvumilika.

"Uwongo!" alifoka. "Mimi hapana punja! Jumamosi yeye hapana kuwa shamba! Yeye kwenda, asubuhi mpaka usiku, mimi naona mwenyewe! Mimi kwisha kata! Kwisha andika!" Na akachomoa kitabu chekundu mfukoni, upande wa moyo, akakipiga mezani mbele ya DC. "Soma! Jumamosi yote! Soma!"

DC alikivuta. Alifungua kurasa taratibu, na alipofika alipokuwa akienda, akaweka kidole. Okello alikuwa amefumba macho.

"Jumamosi, tarehe ishirini," DC alisoma. "Onsongo. Hayuko. Kibaba kimoja kimekatwa." Akainua uso. "Huu ni mwandiko wako?"

"Wangu," alisema Bwana Kijiko kwa fahari. Maskini, alikuwa bado hajaelewa. Alikuwa bado analinda unga.

"Asubuhi mpaka usiku hakuwapo shambani?"

"Hapana kuwapo kabisa!"

"Basi siku hiyo nani alikuja ofisini kwako akapokea shilingi thelathini na sita?"

Bwana Kijiko alinyosha mkono kukirudisha kitabu chekundu mfukoni, lakini kidole cha DC kilikuwa bado juu yake. Mlangoni mzee mmoja wa Kipsigis, asiyejulikana hata shtaka lake lilikuwa nini, alisonya kwa nguvu na kwa muda mrefu, na askari hakumkemea.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya huyu haikuwa na urefu hata wa kopo.

DC aliandika karatasi. Mshahara wote ulipwe leo leo, karani Okello ashuhudie, na hati ya kupokea iletwe Boma Jumatatu. Onsongo aliomba alipwe pale pale. Bwana Kijiko akasema pesa ziko kwenye sanduku la chuma nyumbani, si desturi yake kutembea na pesa. DC akakubali. Alikuwa amekwisha kumwona mtu huyu akidanganya kwa mikono miwili, bado akakubali, kwa sababu mwongo mwenyewe alivaa tai. Bwana aliondoka na gari lake. Okello na Onsongo wakatembea kwa miguu, na mvua ya Kericho ile ya kila alasiri ikawalowesha hadi Kapsoit.

Walifika saa kumi. Boi wa nyumbani akasema Bwana amelala. Saa kumi na moja akasema Bwana anaoga. Saa kumi na moja na nusu, Bwana anakunywa chai. Watu wa kambini walikuwa wametoka kazini, wakakusanyika chini ya baraza kungoja unga wao. Wengi wao walikuwa na tiketi mbilimbili ndani ya ofisi ile. Onsongo alitazama jua likishuka nyuma ya miti, likabaki ukingo, ukingo nao ukazama.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa.

Bwana Kijiko alitoka amechana nywele, mfuko wa kitambaa mkononi, ukilia pesa. Uso wake ulikuwa na ile furaha ya Jumamosi jioni.

"Haya. DC nasema mimi nalipa leo. Mimi nalipa. Kuja shika." Akaunyosha mfuko. Onsongo hakusogea. "Ah! Jua kwisha lala! Sasa Sabato! Wewe hapana shika pesa. Okello, andika: Bwana nataka lipa, yeye nakataa. Jumapili mimi nafunga ofisi. Jumatatu mimi nakwenda Nakuru. Wewe kuja Ijumaa."

Mnada ulikuwa Jumatano.

Onsongo alisimama na nguo zake zilizolowa. Miaka minane alikuwa ameishika siku hiyo. Kwa ajili yake baba mkwe alimcheka, kwa ajili yake alikosa kazi mbili nzuri, kwa ajili yake alilala njaa mara kumi na nane katika shamba hili hili. Na sasa kijitu hiki kilichojifunza maana ya Sabato asubuhi ya leo, kwa hisani ya DC, kilikuwa kimekwisha kuligeuza kufuli. Hasira ilimpanda, na pamoja na hasira hofu ya kweli, hofu ya Mungu, kwa sababu hakuwa mtu wa kuchezea alichoamini. Alitafuta ndani yake sauti ya Mwalimu Mosoti. Haikuwa mbali, ilikuwa ya juzi tu. Ng'ombe. Shimo. Hamwachi mpaka kesho yake.

Alipanda ngazi za baraza. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nne alipanda bila kuitwa. Akanyosha mkono, akauchukua mfuko.

Bwana Kijiko aliruka. "Ah! Yeye nashika! Wote naona! Nashika pesa Sabato! Mimi nasema kwa DC, wewe mwongo!"

"Mwambie," alisema Onsongo. "DC hakuhukumu kwa Sabato yangu, Bwana. Alihukumu kwa unga wako." Aliketi juu ya ngazi, akamwaga pesa kwenye kofia yake. "Mama yangu ana ng'ombe shimoni. Kwangu hizi si pesa leo, ni kamba ya kumvutia. Okello, andika: Ijumaa, jua limekwisha tua, Onsongo amepokea kamba."

"Niandike kamba?" aliuliza Okello, kalamu juu ya hati.

"Andika shilingi. Mungu ataelewa."

Alihesabu moja moja, kwa sauti, na watu chini wakahesabu naye. Zilikuwa thelathini na tano. Akahesabu tena. Thelathini na tano. Akainua macho, akamtazama Bwana Kijiko. Watu wote wakamtazama Bwana Kijiko. Taratibu, mkono wa Bwana Kijiko ukaingia mfuko wa suruali, ukatoka na shilingi moja, yenye joto la paja lake.

Onsongo aliitia kofiani bila kuigusa kwa vidole, akaisukuma kwa ukucha. Kisha akachukua kalamu, akaandika kwenye hati, herufi nzima nzima, bila haraka: Lazarus Onsongo. Akaikausha kwa pumzi, akampa Okello.

Alipokuwa akishuka, mwanamke mmoja wa kuchuma chai alikuwa amefika kwenye ngazi na tiketi yake iliyojaa. Okello akanyosha mkono kuipokea. Yule mwanamke aliishika upande wake, hakuiachia. "Shilingi kwanza," alisema. Nyuma yake watu wengine walikuwa wanatoa tiketi zao, kila mmoja ameishika yake kwa vidole viwili.

Onsongo alitembea Sabato yote. Alisali akitembea, na mahali pengine alisali akikimbia. Jumapili alivuka Sotik, na Jumatatu saa sita mchana akafika kwenye zizi la chifu, miguu imevimba. Alilipa shilingi ishirini na nne. Karani wa chifu akadai moja zaidi, ya nyasi alizokula ng'ombe. Onsongo alimtazama karani yule, akajiuliza kama ana jamaa Kapsoit. Akalipa.

Mama yake alimwona akija na ng'ombe kwa kamba, akasimama mlangoni, akishika kizingiti. Hakulia. Alimpapasa ng'ombe masikio, kwapa, kiwele, kama anayehesabu kama viungo vyote vimerudi.

"Na Sabato ulipumzika wapi, mwanangu?"

"Sikupumzika, mama."

Mama alichuchumaa, akakamua, mikono yake ya kizee ikikumbuka kazi yake. Kibuyu kikajaa. Akaendelea kukamua. Maziwa yakafika mdomoni, yakapita, yakamwagika juu ya vidole vyake na kuteremka hadi mchangani, naye hakupangusa. Akamnyoshea hivyo hivyo, yakichuruzika.

"Kunywa," alisema.